Mtihani wa Lori Usiwe wa Lori Tupu

Hakuna nyumba katika visiwa vyetu, iwe ni ghorofa za Michenzani au kibanda cha udongo shamba, ambayo haikuguswa na lori. Saruji ya msingi wake ilikuja kwa lori. Mchanga, mawe, mabati na mbao vilikuja kwa lori. Mchele na unga unaoliwa ndani yake uliteremshwa bandarini, Malindi au Mkoani, kisha ukapakiwa juu ya lori hadi dukani. Na karafuu, ambayo ndiyo iliyotujulisha duniani, hutoka shamba katika magunia na kupita barabara hizo hizo hadi kwenye maghala. Kwa hivyo si kosa kusema kwamba kisiwa kinalishwa na watu wawili: nahodha anayekifikisha chakula gatini, na dereva anayekitoa gatini kukipeleka majumbani.

Juu ya nahodha tunauliza mengi. Tunauliza amejifunza wapi, chombo chake kimekaguliwa lini, amepakia kiasi gani. Juu ya dereva wa lori hatuulizi. Tunaliona lori linapita na shehena ya mawe imepanda hadi juu ya bodi, tunajitenga pembeni, vumbi linatua, nasi tunaendelea na safari zetu kama kwamba hapana lililopita.

Leo tungependa kulizungumza jambo moja tu, nalo ni namna kijana anayeanza anavyojitayarisha kwa mtihani wa barabarani wa kuendesha lori la mizigo, na namna mtihani wenyewe unavyostahili kuwa. Rai yetu ni hii. Leseni ya lori ni ruhusa ya kubeba uzito. Anayepewa ruhusa hiyo bila ya kujaribiwa akiwa na uzito, hakujaribiwa.

Tuanze na kijana mwenyewe. Aghalabu huyu si mgeni wa lori. Ameanza akiwa utingo. Anapakia na kuteremsha, anafunga kamba na turubali, anaweka jiwe nyuma ya tairi gari linaposimama kilimani, na anatia maji katika rejeta alfajiri watu wamelala. Baada ya mwaka mmoja au miwili anaijua sauti ya injini kama anavyoijua sauti ya mama yake. Hiyo ni skuli, tena ni skuli nzuri, na hatutaki mtu aidharau. Madereva wengi hodari waliotulisha kwa miaka mingi hawakupita skuli nyengine isipokuwa hiyo.

Lakini skuli hiyo ina upungufu mmoja mkubwa. Kijana hupewa usukani wakati gani? Hupewa wakati mzigo umekwisha teremka, jua limekwisha pungua, na lori linarudi nyumbani tupu. Dereva mwenye dhamana ana haki kufanya hivyo, kwani hawezi kumkabidhi mwanafunzi saruji ya mwenyewe. Matokeo yake ni kwamba kijana hujifunza mwaka mzima kuendesha gari ambalo hataajiriwa kuliendesha. Akenda mtihanini na lori tupu, akafaulu, Jumatatu inayofuata anapakiziwa tani kumi za mawe na kuambiwa aende. Siku hiyo ndiyo siku ya mtihani wake wa kweli, na watahini wake ni watoto wa skuli wanaotembea pembezoni mwa barabara.

Pengine msomaji atauliza: lori ni lori, tofauti iko wapi? Tofauti ni kubwa, na inafaa kuelezwa kwa hesabu nyepesi. Tuseme lori moja lina uzito wa tani 5 likiwa tupu. Likipakiwa tani 10 huwa tani 15. Kwa mwendo ule ule, breki zake sasa zina kazi mara tatu ya ile ya mwanzo. Na dereva akiuzidisha mwendo mara mbili, kutoka kilomita 25 kwa saa hadi 50, kazi ya kulisimamisha gari haizidi mara mbili, bali huzidi mara nne. Haya ni maumbile ya vitu, hayana dereva hodari wala dereva mbovu.

Tena kuna masafa. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata kiasi cha mita 14 katika kila sekunde moja. Mtoto akikatisha barabara, dereva huhitaji kama sekunde moja kuona, kufahamu na kukanyaga. Mita 14 zimekwisha kwenda kabla ya breki kuguswa. Katika malori makubwa yenye breki za upepo, upepo nao unahitaji muda wa kusafiri katika mipira hadi kwenye magurudumu, kiasi cha nusu sekunde, na hapo zimekwenda mita 7 nyengine. Ndipo gari linapoanza kupunguza mwendo. Mwenye kujifunza kwa gari dogo la breki za mafuta hayajui haya, na asiyewahi kuyahisi chini ya mguu wake hawezi kuyajua kwa kuambiwa tu.

Na mzigo wenyewe si kitu kimoja. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa tani moja na nusu hivi au zaidi kidogo. Mchanga huo huo ukinyeshewa na mvua za masika hukaribia tani mbili. Bodi ni ile ile, kimo cha mzigo ni kile kile, na macho hayaoni tofauti yoyote, ilhali lori limeongezewa uzito wa robo nzima ya shehena yake. Gunia za karafuu kavu hujaza bodi na lori likabaki jepesi. Mawe hayafiki nusu ya bodi na springi zimekwisha lala. Dereva anayepima mzigo kwa macho peke yake anajidanganya nafsi yake, na anayejifunza anastahili kufundishwa hivyo tangu siku ya kwanza.

Hatusemi kwamba lori tupu halina hatari yake. Lori tupu huruka juu ya mashimo, na breki zilizotengenezwa kwa ajili ya uzito huweza kuyafunga magurudumu ya nyuma ghafla, gari likateleza juu ya lami iliyoroa. Kwa hivyo mwanafunzi anahitaji kuyajua yote mawili. Tunalolikataa ni kumjaribu kwa hilo moja jepesi, kisha kumpa leseni ya yote mawili.

Sasa kijana anayeanza ajitayarishe vipi? Sisi tunaona matayarisho yake yawe katika mafungu matatu, na mtihani ufuate mafungu hayo hayo.

Fungu la kwanza ni kabla ya ufunguo kuzungushwa. Mtahiniwa alizunguke gari lote, kuanzia mlango wake hadi arudi mlangoni kwake, na kila anachokigusa akitaje na aseme anatazama nini. Tairi: zina upepo, hazikupasuka ubavuni, na baina ya tairi mbili za nyuma halikukwama jiwe. Nati za gurudumu: hazina alama ya kutu iliyochuruzika, kwani kutu hiyo aghalabu ni dalili ya nati iliyolegea. Springi: hakuna jani lililovunjika. Chini ya injini: hakuna oili wala maji yaliyodondoka usiku. Taa zote, indiketa, honi na vioo. Kisha mzigo: umelala sawa bodini, haukuelemea upande mmoja, kamba zimekaza, mlango wa nyuma umefungwa, turubali limefunika mchanga usije ukamwagikia macho ya mwenda kwa baiskeli.

Katika lori lenye breki za upepo, kazi hii ina sehemu ambayo haifai kurukwa hata kidogo. Mtahiniwa aijaze mitungi ya upepo, azime injini, akanyage breki na aishike huku akiitazama saa ya upepo. Ikiwa mshale unashuka wakati mguu umetulia, kuna mahali panavuja, na gari hilo lisiondoke. Kisha akanyage na kuachia mara nyingi mpaka upepo upungue, ahakikishe kuwa taa au kengele ya kumwonya inafanya kazi. Aeleze pia kinachotokea upepo ukiisha kabisa: springi za breki ya kuegeshea huyabana magurudumu, gari likakataa kwenda. Ajuaye hayo hatashangaa siku gari lake litakapojifunga lenyewe njiani, wala hatamsikiliza fundi wa njiani atakayemshauri azifungue springi hizo ili amalizie safari bila ya breki.

Tena sisi watu wa visiwani tuna sababu ya ziada. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na unyevu huo hugeuka maji ndani ya mitungi ya upepo. Maji yakikaa huleta kutu, na nafasi ya upepo hupungua bila ya dereva kujua. Kuyafungulia maji hayo kila siku ni kazi ya dakika chache. Ni kazi ambayo utingo mwerevu huijua. Basi na iwe katika mtihani, ili isiwe ni hisani ya utingo bali ni wajibu wa dereva.

Fungu la pili ni uwanjani. Hapa mtahiniwa arudi nyuma kwa mstari ulionyooka, arudi nyuma kwa kukunja kona, na aliegeshe lori mahali pembamba kama vile penye mlango wa ghala. Katika nchi yetu tunapita kushoto na dereva hukaa kulia, kwa hivyo upande wake wa kipofu ni wa kushoto. Akikata kona ya kushoto, magurudumu ya nyuma hayapiti yalipopita ya mbele; hukata ndani zaidi, na anayesimama pale pembeni, mara nyingi ni mpanda baiskeli au bibi mwenye kikapu, hubanwa baina ya gari na ukuta. Mwenye kuzijua njia za Darajani wakati wa asubuhi anajua tunasema nini.

Hapana aibu kwa dereva kusimama, akateremka, akaenda kutazama nyuma kwa macho yake, kisha akapanda tena. Aibu ni kutoteremka. Na anaporudi nyuma kwa kuongozwa na utingo, wawe wamekubaliana ishara kabla, na kanuni iwe moja: ukimpoteza utingo kiooni, simama. Pengine yeye ndiye aliye nyuma ya gurudumu.

Fungu la tatu ni barabarani, nalo ndilo tunalotaka lifanywe na mzigo. Unguja kwa sehemu kubwa ni tambarare, na mtu anaweza kufaulu hapa bila ya kujua kuteremka mlima. Pemba sivyo. Pemba ni vilima na mabonde, na barabara ya kutoka Chake Chake kwenda Mkoani, au ile ya kwenda Wete, haimwachi dereva akalala. Lori lililopakia likianza kuteremka kwa gia kubwa, dereva hushikilia breki njia nzima. Breki zikishikiliwa hupata moto, na zikipata moto sana hupoteza nguvu ya kubana. Mguu unakwenda chini na gari haliitiki. Hapo tena kutafuta gia ndogo ni kuchelewa, kwa sababu gari lililokwisha kushika kasi haliipokei.

Kwa hivyo kanuni ya wazee wa kazi ni kuingiza gia ndogo juu ya kilima, kabla ya kuteremka, na kuteremka kwa gia ile ambayo ungeipandia au ndogo kuliko hiyo. Injini ndiyo izuie, breki ikumbushe tu. Na ile tabia ya kutia frii mteremkoni ili kubana mafuta, basi mtahini akiiona hata mara moja, ausimamishe mtihani palepale. Lita moja ya mafuta haijapata kuwa na thamani ya mtu.

Kupanda nako kuna elimu yake. Mtahiniwa alisimamishe lori lililopakia katikati ya kilima, kisha aondoke bila ya kurudi nyuma hata shibiri moja. Kwa lori tupu kijana yeyote ataliweza jambo hili. Kwa tani 10 zinazomvuta nyuma, ndipo tutakapojua nani ameielewa klachi na nani alikuwa akibahatisha.

Tunajua yapo majibu yatakayotolewa dhidi ya rai yetu, na yanastahili kusikilizwa.

La kwanza ni lile la kila siku, kwamba ajali haina kinga. Maneno haya tunayasema msibani, na msibani yana nafasi yake, kwani humfariji mfiwa. Lakini yakitolewa msibani yakapelekwa afisini au gereji, huwa ni sumu. Nati iliyolegea ina kinga. Upepo unaovuja una kinga. Dereva asiyejua kuteremka mlima ana kinga, nayo ni kumwambia arudi akajifunze.

Visiwa hivi vimekwisha kulipa ada ya somo hili. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa imepakia watu wengi mno kupita kiasi ilichoruhusiwa. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ilizama ikija kutoka Dar es Salaam. Baada ya misiba hiyo hapana tena mtu mzima katika visiwa hivi asiyejua kwamba chombo kina kiasi chake, na kwamba anayekisimamia chombo lazima awe ni mtu aliyejaribiwa. Kama tumelijua hilo baharini kwa gharama ile, kwa nini tusilijue nchi kavu kabla ya gharama?

Jibu la pili ni kwamba mtihani wa mzigo ni wa hatari, kwani vipi mwanafunzi akabidhiwe tani 10? Tunajibu kwamba atakabidhiwa kwa hali yoyote. Swali ni kama atakabidhiwa uwanjani akiwa na mwalimu pembeni yake, au barabarani akiwa peke yake. Mafunzo yaanze kwa robo ya mzigo, yapande hadi nusu, kisha yafikie mzigo kamili, kwanza ndani ya uwanja na baadaye njiani. Mwanafunzi awe na leseni yake ya kujifunzia na alama yake ya L mbele na nyuma, na pembeni yake akae mtu mwenye leseni ya gari la aina hiyo, asiwe rafiki tu wa kumpigisha hadithi.

Wala hili si jambo la kubuniwa na sisi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria inataka lori la mtihani wa daraja la C liwe ni gari lililoruhusiwa kufikia uzito usiopungua tani 12, na siku ya mtihani liletwe likiwa na uzito halisi usiopungua tani 10. Uingereza, mzigo huo wa mtihani unaweza kuwa ni matangi ya plastiki yaliyojazwa maji, kila moja la lita 1000. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo kila tangi ni tani moja, na hakuna wa kubishana na mizani. Matangi kama hayo yamejaa mitaani petu, watu wanawekea maji ya kujengea. Yajazwe mpaka juu, maana tangi lililojaa nusu huchezesha maji na kulitikisa gari, yafungwe kwa kamba imara, na mtihani ukimalizika maji yakanyweshe miti. Gharama iko wapi?

Marekani nako, mtahiniwa wa gari kubwa hupita sehemu tatu: kwanza kulikagua gari na kulieleza kwa mdomo, pili kulizungusha na kulirudisha nyuma uwanjani, na tatu kuingia nalo barabarani. Tangu tarehe 7 Februari 2022 anayeanza huko haruhusiwi hata kuufanya mtihani huo mpaka kwanza apitie mafunzo kwa mkufunzi aliyesajiliwa. Tunao ndugu zetu waliohamia huko, na wapo wengine Oman na nchi za Ghuba, ambako magari hupita kulia na dereva hukaa kushoto. Kijana atakayeondoka hapa akiwa amefundwa vizuri atayabadilisha macho na mikono yake kwa siku chache. Aliyefundwa nusunusu atabeba unusunusu wake kokote aendako, iwe ni Muscat au ni mlima Kitonga kule Iringa.

Jibu la tatu ndilo linalotuuma zaidi, nalo ni la umasikini. Utingo hana fedha. Lori la kujifunzia ni la tajiri, mafuta ni ya tajiri, na kila siku anayokaa uwanjani ni siku asiyolipwa. Ukimwongezea masharti, utakuwa umemfungia mlango yule hasa anayestahili kuingia, na mwenye fedha atapita mlango wa nyuma. Hili ni kweli, na yeyote anayetaka mtihani mgumu bila ya kulifikiria hili hamtakii mema mtoto wa masikini. Kwa sababu hiyo tunatoa mapendekezo yetu kwa Serikali kwa ujumla wake, wala yasichukuliwe moja yakaachwa mengine.

Kwanza, pawe na lori la kufundishia lililo mali ya umma, angalau moja Unguja na moja Pemba. Tunavyo vituo vya mafunzo ya amali, kama vile Mwanakwerekwe na Mkokotoni kwa Unguja na Vitongoji kwa Pemba. Huko vijana wanafundishwa useremala, uashi na umeme. Udereva wa mizigo nao ni amali, na unastahili kiti chake humo. Utingo mwenye barua ya mwajiri wake inayothibitisha muda aliofanya kazi apewe nafuu ya ada, kwa sababu nusu ya elimu amekwisha ilipia kwa jasho.

Pili, mtihani ugawanywe katika mafungu matatu tuliyoyataja, na aliyeshindwa fungu moja arudie fungu hilo tu. Si haki mtu aliyelikagua gari vizuri na kulirudisha nyuma vizuri aanze upya na alipe upya kwa sababu alichelewa kubadilisha gia kilimani.

Tatu, mtahini aandike. Pawe na karatasi moja yenye orodha ya vitu vyote vinavyotazamwa, kila kimoja kitiwe alama, na nakala apewe mtahiniwa papo hapo, awe amefaulu au ameshindwa. Karatasi hiyo ina faida mbili. Aliyeshindwa atajua akajifunze nini. Na aliyetaka kupita kwa kujuana au kwa mkono wa nyuma atapata taabu, na yule anayetaka kumpitisha atapata taabu zaidi, kwa sababu jina lake litakuwa chini ya alama alizoziweka. Mtahini mwaminifu hana la kuogopa katika karatasi. Kwake ni ngao.

Nne, mtihani wa daraja la magari mazito usikamilike mpaka mtahiniwa ateremke na kupanda kilima akiwa na mzigo. Kwa Pemba vilima havitafutwi. Kwa Unguja wakuu wanaohusika watafute mahali penye mwinuko wa kutosha, na kama hapakupatikana, basi siku moja ya mafunzo ifanywe Pemba. Bahari baina yetu isiwe sababu ya kuwa na madereva wa aina mbili.

Tano, wenye malori nao wabebe sehemu yao. Tajiri anayempa funguo kijana ambaye leseni yake si ya gari lile, ili aokoe ujira wa dereva, hastahili kukaa nyumbani kwake wakati kijana yuko rumande. Sheria imfikie na yeye. Na anayempakizia dereva kupita kiasi cha gari, kisha akamwambia kuwa wengine wako mlangoni wanangoja kazi, ni mshirika kamili wa lolote litakalotokea njiani.

Kwa vijana wetu, wanaume na wanawake, kwani hapana katika usukani kitu kinachomkataa mwanamke, tuna maneno machache. Usihesabu siku ulizokaa ndani ya lori, hesabu safari ulizoendesha mwenyewe chini ya macho ya mwalimu, na kati ya hizo uhesabu zile zilizokuwa na mzigo. Ziandike katika daftari. Muulize dereva wako kwa nini kila anapofanya jambo, na kama hajui kwa nini, muulize mwengine. Jizoeze kulikagua gari kwa sauti, hata wenzako wakucheke, mpaka uweze kufanya hivyo gizani. Siku ya mtihani ukikosea, usifiche. Simama, rekebisha, endelea. Mtahini mzuri hamtafuti asiyekosea, anamtafuta anayejua kuwa amekosea kabla gari halijampeleka pabaya. Na mtu akikuambia kuwa ipo njia fupi ya kuipata leseni, kumbuka kwamba leseni hiyo haitakusaidia kitu pale upepo utakapokwisha katikati ya mteremko.

Kwa waheshimiwa walio afisini, ambao kalamu zao zinaweza kuyafanya haya yawe, tunakumbusha kwamba barabara zinatengenezwa na zinaendelea kutengenezwa, na lami nzuri huleta mwendo mkubwa. Njia ya mashimo humlazimisha hata dereva mbovu kwenda polepole. Njia nzuri haimlazimishi. Kila maili mpya ya lami, basi, inaidai Serikali dereva bora kuliko wa jana. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe tumeuonyesha: upo baina ya lori tupu la mtihani na lori lililojaa la kazini.

Matangi machache ya maji, kilima kimoja, karatasi moja na mtahini mwaminifu. Hayo ndiyo tunayoyaomba, na hatuoni hata moja katika hayo ambalo visiwa hivi haviliwezi.